Goma: siku muzima na noti ya dola 20 yenye kupasuka

Mupasuko wenyewe ni mudogo, pembeni mwa noti, haufiki urefu wa ukucha. Lakini siku ya tano iliyopita ulimutembeza kijana mumoja wa Goma toka Majengo mpaka Birere, kisha ukamurudisha nyumbani akiwa na deni.

Kijana huyo ana miaka 26 na aliomba jina lake lisiandikwe. Alimaliza masomo ya gestion, lakini mpaka leo hajapata kazi ya mushahara. Anaishi na mama yake, mugonjwa wa tansio, ndani ya nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Siku hiyo alikuwa na mambo matatu ya kumaliza mbele ya giza: kutoa feza zenye yaya yake alimutumia toka Kinshasa, kununua dawa za mama, na kulipa nyumba. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kungoja majuma mawili.

Asubui ilianzia kwenye robine, na bidoni mbili za litre 20. Alipotoa noti ya faranga 500 iliyobandikwa skoch katikati, mama mwenye kulinda robine aliiangalia mbele na nyuma, akamurudishia.

« Mwanangu, hii imechoka. Leta ingine. »

« Mama, niko na hii tu. »

« Basi beba maji, utanilipa kesho. Ile noti, nikiipokea, nitakula nayo wapi? »

Swali hilo linasikilika kila siku Goma. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilichukua muji, benki zilifunga milango. Kwa kawaida, benki ndizo zinapokea noti zenye kuchoka, zinazituma kwenye Banque Centrale, na mpya zinaingia nafasi yake. Njia hiyo ikikatika, noti zilezile ndizo zinazunguka: toka soko mpaka kwa motari, toka kwa motari mpaka butiki, toka butiki mpaka soko tena. Zinalowa na mvua, zinakunjwa ndani ya vitambaa vya mama wachuuzi, na hakuna pa kuzipeleka.

Kwa dola, ugumu ni wa zamani zaidi. Hata mbele ya vita, Mukongomani alijua kama dola yenye kupasuka hata kidogo haipite, na kama noti ya dola moja wengi hawaitaki. Tofauti ni kwamba zamani mutu aliweza kujaribu bahati yake kwenye giche ya benki. Leo, mwenye kuwa na makaratasi na feza za safari anavuka mupaka kutafuta benki kule Gisenyi, Rwanda. Wengine wanabaki na simu.

Saa tatu, ile simu ya kijana ikalia. Yaya yake alituma dola 52: makumi ine za nyumba, zingine za dawa na za kutolea feza. Akatoka kwa muguu, ili asipoteze faranga kwa moto.

Kwenye kabini ya kwanza, karibu na soko la Virunga, walimuambia kama feza ziko ndani ya simu, lakini keshi hakuna. Kwenye ya pili walikuwa na faranga tu, noti za 500 na za 1000, mufuko muzima. Mwenye nyumba anataka dola. Akashuka mpaka Birere, akipishana na vijana wenye kusukuma chukudu zenye kujaa mifuko ya makala. Pale, chini ya parasol, watu karibu kumi walikuwa wamepanga mustari mbele ya dada mumoja. Alingoja zaidi ya saa moja. Mvua ilianza kunyesha wakati zamu yake ilifika. Dada alikata dola 2, akamupatia noti mbili za 20 na moja ya 10. Kijana alizihesabu haraka, akaziingiza mufukoni ili zisilowe, akakimbia.

Kwenye farmasi ndipo alijua. Alitoa noti moja ya 20 ili apate chenji ya faranga. Musichana mwenye kuuza dawa aliinyanyua mbele ya taa.

« Kaka, hii iko na mupasuko. Haipite. »

Alilipa dawa na ile ya 10. Akarudi mbio Birere.

Dada wa kabini alimukumbuka, lakini hakukubali.

« Ulitoka, ukarudi. Mimi nitajua namna gani kama ni yangu? »

Kijana alianza kupandisha sauti. Watu waligeuka. Dada hakumujibu kwa hasira. Alifungua sanduku lake la chuma, akamuonyesha noti tatu za dola, zote zenye kupasuka, zilizofungwa na kapira. « Hizi zote waliniachia. Ni mimi nalipa. » Mukubwa mumoja aliyekuwa kwenye mustari akasema wote wawili wana haki, na kama ni hivyo, hakuna wa kuhukumu. Wengine walicheka. Kijana alitoka pale.

Karibu na hapo kuna wakambista. Mumoja alikubali kuichukua kwa dola 15.

« Na mimi nitapoteza, petit. Kuivusha si bure. »

Dola 5, kwa nyumba yao, ni chakula cha siku mbili, makala ndani. Alikataa. Kambista alimuambia akirudi kesho, bei itakuwa 14.

Njiani kurudi, motari mwenye walisoma pamoja sekondari alimubeba bure mpaka karibu na nyumbani, na akamupatia shauri lenye wengi wanatoa siku hizi: « Ngojea mangaribi. Giza ikiingia, watu hawaangalie sana. Unaikunja na ingine, inapita. »

Kijana anakiri kama aliliwaza shauri hilo njia yote. Na nafasi ilikuwapo. Mwenye nyumba wake ni mujane muzee, macho yake yamezoofika. Anauza unga mbele ya mulango wake, na anahesabu feza kwa vidole kuliko kwa macho. Mara nyingi ni wapangaji wenyewe ndio wanamusomea noti.

Saa kumi na mbili na nusu, alifika pale. Umeme haukuwako. Mama muzee alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, na mushumaa chini. Alimukaribisha, akamuuliza habari ya mama yake na kama dawa zimepatikana. Kijana akamupatia noti mbili, zilizokunjwa pamoja. Mama akazikunjua.

« Mama, moja haiko muzima, » akasema. « Nimeizungusha muji muzima, watu wamekataa. »

Mama muzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kama mwezi uliopita, mutu mumoja alimulipa na noti ya namna hiyo bila kumuambia. Aliijua siku alipoenda kununua unga, mbele ya watu, na muuzaji akamuzania kuwa ndiye anataka kumudanganya. Alirudi bila unga.

« Bora umesema, » akamuambia. « Lakini sasa, mwanangu, nitanunua unga na nini? »

Hakuwa anamutukana. Alikuwa anauliza kweli. Zile dola 40 zilikuwa za kununua unga siku ya posho asubui. Na 20, atanunua nusu, na faida itakuwa nusu. Alimurudishia noti yenye kupasuka, akamuomba alete kaye lake toka ndani, na kijana mwenyewe akaandika, sababu ndiye anaona: dola 20, mpaka siku ya tano ijayo.

Ndivyo deni moja linazaa lingine katika muji huu. Noti ambayo kwenye kabini ilikuwa hasara ya dada mumoja inageuka mufuko wa unga wenye kupunguka mbele ya mulango wa mujane. Hakuna mutu aliyeiba. Kinachobakia kwa wakaaji ni kaye, jina, na neno la mutu.

Usiku, nyumbani, mama yake alikunywa dawa. Kijana aliweka ile noti ndani ya kitabu chake cha kontabilite cha chuo kikuu, ikae wima. Anasema siku benki zitafungua, atakuwa wa kwanza kupanga mustari.

Mbele ya hapo, kuna dola 20 za kutafuta kwa siku saba. Siku ya posho, saa kumi na moja asubui, alikuwa njiani kwenda Kituku, kando ya ziwa, kungojea mitumbwi yenye kuleta mizigo. Alipopita kwenye robine, alilipa ile ya jana, na faranga 500 yenye kuwa nzima.