Je, Wajua? Saratani Yenye Tabia ya Pweza

Waulize wachokoa pweza wa Mangapwani, Unguja: pweza yuko mbele ya macho yako na humwoni. Kageuza rangi, kageuza na ngozi, kawa jiwe.

Je, wajua kuwa seli za saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, nazo hujigeuza? Zikiwa kwao hushikana kama matofali ukutani. Zikitaka kuhama huachana, hulegea, hutambaa. Zikifika ugenini hushikana tena na kuota uvimbe mpya. Mara nyingi jeni ni zilezile; kinachobadilika ni ipi imewashwa na ipi imezimwa.

Je, wajua kuwa saratani nyingi husafiri kwa damu, lakini hii hupenda kuogelea? Seli hudondoka, huelea kwa mafungu ndani ya maji ya tumbo, kisha hunasa kwenye pazia la mafuta linalofunika utumbo. Maji huzidi, tumbo hufura. Jirani husema mimba. Muuzaji wa duka la dawa husema gesi.

Je, wajua kuwa jina lenyewe linadanganya? Aina iliyo nyingi kuliko zote mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, ndipo ikahamia kwenye ovari. Aina kuu ni 5, na kila moja ina asili yake. Mbili kati yake zinahusishwa na endometriosi, pale utando wa ndani ya kizazi unapoota nje yake. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye jina moja la maradhi huenda wasifanane hata kwa dawa.

Je, wajua kuwa platinamu, madini ya pete, ni dawa yake? Mwaka 1965 huko Michigan, Marekani, mwanasayansi Barnett Rosenberg alipitisha umeme kwenye bakteria, wakaacha kugawanyika. Si umeme uliowazuia, ni platinamu iliyoyeyuka kutoka kwenye vyuma vyake vya kupitishia umeme. Hutibu vizuri, ila seli zilizojigeuza zikaikwepa huweza kurudi baada ya miezi au miaka.

Je, wajua kuwa Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako Wazanzibari wengi wamevuka bahari kufuata matibabu ya saratani, ni jengo la Wajerumani la 1897?

Na kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi hakiioni saratani ya ovari. Dada yangu, tumbo likijaa, ukishiba kwa matonge mawili, ukaenda haja ndogo kila mara, na hali hiyo ikafika wiki 3, usingoje. Panda gari uende Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, uombe ultrasaundi.