Siku Mbili Bagamoyo: Mama Naye Atue Mzigo

Mama mpendwa, mara ya mwisho ulisafiri lini bila kwenda msibani, kuuguza mgonjwa au kumpeleka mtoto shule? Hapa kwetu Ngulyati tulipoulizana swali hili katika kikundi cha akina mama kanisani, wengi tulinyamaza. Tumezoea kusema kwamba matembezi ni ya Wazungu, ambao hufunga begi Ijumaa, wakaenda kuitazama Roma au London, na Jumatatu wakawa kazini. Lakini nchi yetu nayo ina mji mkuu wake wa kale, na wazee wetu wa Usukuma waliufikia kwa miguu. Mji huo ni Bagamoyo.

MJI WA WAPAGAZI

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Wajerumani, hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Hata kabla yao, ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, Tabora na nchi za Ziwa. Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu mabegani kwa majuma mengi. Wanawake nao walikuwemo, wakibeba vyungu, mikeka na watoto. Wengine hawakwenda kwa hiari. Waliletwa wakiwa watumwa.

Wengi husimulia kwamba jina la mji limetokana na "bwaga moyo". Kwa mpagazi maana yake ni kutua mzigo na kupumzika. Kwa mtumwa ni kuuacha moyo wake huku bara, maana baharini hakuna kurudi.

SIKU YA KWANZA: MISHENI

Anzeni na Misheni ya Wakatoliki, hata kama ninyi ni wa dhehebu lingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho yake yanaeleza habari hizo vizuri.

Karibu na hapo kuna mnara wa kanisa la kale, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 24, 1874. Chuma, Susi na wenzao waliubeba kutoka Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873. Watu huenda London kulitazama kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey. Lakini waliomfikisha pwani ni Waafrika, na mahali walipoutua mzigo huo ni hapa kwetu.

Msiache kuuona mbuyu uliopandwa na wamisionari. Mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa amesimamia zahanati Zanzibar, alikuja Bagamoyo kujitolea. Alifunga mnyororo kwenye mbuyu huo ili amfunge punda wake. Mti ukaendelea kunenepa, ukaumeza mnyororo, na leo kinaonekana kipande kidogo tu.

Kutoka hapo, mwaka 1878, msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika uliondoka kuelekea bara, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi, Usukuma. Njia ya pembe na watumwa ndiyo hiyo hiyo iliyoleta Injili.

SIKU YA PILI: MJI MKONGWE NA KAOLE

Tembeeni kwa miguu: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, milango ya nakshi na soko la samaki ufukweni. Mchana nendeni Kaole, kilometa tano hivi kutoka mjini, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Wenyeji wengi ni Waislamu, kwa hiyo kanga ni vazi jema, na mtu huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha.

KUJIANDAA

Kwanza, ongea na baba watoto mapema, wakati ametulia. Mweleze mnakwenda na nani, mtalala wapi na nani atabaki na watoto. Ikiwezekana nendeni wote wawili. Safari ya siri huleta ugomvi, hata kama fedha ni zako.

Pili, wekeni fungu la safari kwenye kikoba, mkianza na fedha kidogo baada ya kuuza pamba. Ada za shule na chakula cha ghala visiguswe.

Tatu, hesabuni siku za njiani. Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Mnaweza kwenda kwa basi moja kwa moja, au kushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Michembe na karanga zitawapunguzia gharama.

Nne, afya. Msiache kunywa maji kwa kuogopa kujisaidia njiani. Basi likisimama, shukeni mnyooshe miguu, kwani kukaa muda mrefu huvimbisha miguu na damu huweza kuganda. Mwenye dawa za presha au kisukari azibebe mkononi, asiziweke kwenye buti. Mjamzito apite kliniki kwanza. Laleni ndani ya chandarua, na atakayepata homa baada ya kurudi akapime malaria upesi.

SI UVIVU

Wapo watakaosema mama mwenye ndoa anayetembea amekosa kazi. Sisi tunajua wanawake wanaoamka saa kumi alfajiri kufuata maji na kulala wa mwisho, kisha huja zahanati wakilalamika kichwa na mgongo. Dawa ya maumivu peke yake haiwatoshi. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Yesu aliona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, akawatenga na watu wapate kupumzika. Wanafunzi hao walikuwa katika kazi ya Mungu, na bado pumziko halikuhesabiwa kuwa dhambi.

Basi, katika mkutano ujao wa kikundi chenu, ulizaneni swali tuliloulizana sisi, kisha fungueni daftari la akiba.