Fizi: Ukichagua programu ya kumiksi nyimbo, fikiria pia siku ya kuhama

Mtu anayekimbia vita hubeba mtoto, nguo na sufuria. Kompyuta hubebwa mara chache. Wakaaji wa Bibokoboko, katika milima iliyo juu ya mji wa Baraka, eneo la Fizi mkoani Kivu Kusini, wanajua jambo hilo: Oktoba 2021 mapigano yalifukuza maelfu ya watu kutoka hapo na vijiji vya jirani.

Kwa vijana wanaorekodi kwaya na wasanii nyumbani, hali hiyo inaongeza swali moja. Programu inaweza kutoa sauti nzuri, lakini mashine ikibaki nyuma, ikiibiwa ao ikiungua, wimbo utafunguliwa wapi?

Kumiksi ni kupanga sauti zilizorekodiwa moja moja, kama soprano, besi, gitaa na ngoma, ili kila moja isikike mahali pake. Kumasta ni kazi ya mwisho: wimbo uliokwisha kuunganishwa unasawazishwa na kupandishwa kiasi, ili usikike vizuri kwenye simu, redio na spika za kanisa. Kazi zote mbili zinaweza kufanyika kwenye kompyuta moja ndogo inayochajiwa kwa jua.

Programu nne, bei tofauti

Audacity ni ya bure na si nzito. Inafaa kurekodi, kukata na kusafisha sauti. Tangu toleo la 3.2, lililotoka mwaka 2022, mtu anaweza kusikia badiliko papo hapo wimbo ukiendelea kucheza, bila kugusa sauti ya asili. Lakini kwaya yenye traki nyingi inachosha kupanga ndani yake.

Reaper inaruhusu majaribio ya siku 60 bila kufunga kifaa chochote. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Faili ya kuiweka kwenye Windows haifiki mega 20, jambo kubwa kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo. Tena, inaweza kuwekwa juu ya flashi na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Vifaa vya kusawazisha na kubana sauti vimo ndani yake.

FL Studio, inayotengenezwa Ubelgiji, inapendwa na watengeneza biti. Toleo lake la majaribio lina mtego mmoja: unaweza kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga hutaifungua tena mpaka ununue. Ukiichagua, panga feza ya leseni mapema.

BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. Inafaa kwa asiye na kompyuta, lakini kazi huhifadhiwa kwenye intaneti. Mtandao ukikatika siku nyingi, kazi inaweza kukwama.

Kuna pia nakala zilizovunjwa, zinazopitishwa kutoka flashi hadi flashi. Hizo huleta virusi, na virusi vinaweza kula nyimbo za mwaka mzima. Programu ndogo ya bure ni bora kuliko programu kubwa ya wizi.

Akiba iko kwenye faili

Faili ya projekti husomwa na programu iliyoitengeneza, mara nyingi na hiyo peke yake. WAV husomwa na karibu programu zote. Kwa hiyo wimbo ukiisha, inafaa kutoa kila traki peke yake kama WAV, zote zikianza kwenye sekunde ya kwanza ya wimbo, na kuziandika majina yanayoeleweka. Mtu mwingine, katika mji mwingine, atazipanga upya bila kuuliza.

Hesabu yake si nzito. Traki moja ya mono yenye bit 24 na kHz 44.1 inachukua karibu mega 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 8 unafika karibu mega 320. Flashi ya giga 16 inaweza kubeba nyimbo zaidi ya 40, na inaingia mfukoni. Flashi mbili, kwa watu wawili tofauti, ni salama zaidi.

Usipige kelele bure

Kosa moja katika kumasta ni kupandisha sauti mpaka ipasuke. Spotify hushusha nyimbo zinazopita kipimo cha kawaida cha LUFS -14, na YouTube pia hupunguza zile zilizozidi. Anayebana wimbo kupita kiasi anapoteza uhai wa ngoma, na msikilizaji haongezewi kitu.

Chumba nacho kina neno lake. Blanketi na magodoro ukutani hupunguza mwangwi, na hakuna programu inayoondoa vizuri mvua ya bati iliyoingia kwenye maikrofoni. Kabla ya kutoa wimbo, usikilize kwenye simu, kwenye redio ndogo na kwenye spika kubwa.

Kabla ya kuchagua, jaribu hivi: rekodi wimbo mmoja, umiksi, toa traki zote kwenye flashi, kisha zifungue kwenye mashine ya jirani. Zikifunguka na kulingana, umepata programu yako. Zikikataa, ni afadhali ujue leo, wakati waimbaji bado wako pamoja.