Picha ya Irène: Renoir alimchora mtoto, Wanazi wakaiba picha na kumuua binti yake na wajukuu zake

Mtoto wa miaka 8 amekaa kwa upande, mikono juu ya mapaja, nywele ndefu zimemwagika mgongoni, utepe wa buluu kichwani. Hacheki. Huenda umeshaiona picha hii mtandaoni. Anaitwa Irène Cahen d'Anvers, na alichorwa na Pierre-Auguste Renoir jijini Paris, Ufaransa, mwaka 1880.

Renoir alikuwa mmoja wa wachoraji wa impreshoni, waliojali zaidi jinsi mwanga unavyoangukia vitu kuliko kuvichora mstari kwa mstari. Vuta picha kwenye simu yako uone: majani ya nyuma ni rangi tu zilizopakwa haraka haraka. Lakini uso umetulia, laini kabisa. Hii ilikuwa kazi ya kulipwa, na mzazi anayelipa anataka sura ya mwanawe itambulike.

Baba yake, Louis, alikuwa Myahudi, tajiri wa benki. Cha ajabu, familia haikuipenda picha. Renoir naye aliwaona mabahili. Mwaka uliofuata aliwachora pamoja wadogo zake Irène, Alice na Elisabeth. Picha hiyo sasa iko São Paulo, Brazil.

Irène alikua, akaolewa na Moïse de Camondo, naye mtu wa benki, wakazaa watoto wawili kabla ya kuachana. Nissim, rubani wa jeshi la Ufaransa, aliuawa vitani mwaka 1917. Akabaki Béatrice, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa na picha ya mama yake.

Mwaka 1941 Wanazi waliokuwa wameivamia Ufaransa wakaipora. Ikaangukia mikononi mwa Hermann Göring, mtu wa karibu wa Hitler. Kisha wakarudi kwa wenyewe. Béatrice, mumewe Léon Reinach, na watoto wao Fanny na Bertrand walikamatwa na kupelekwa kambi ya Auschwitz. Hakuna aliyerudi. Elisabeth, yule mdogo mwenye gauni la buluu kwenye picha ya Brazil, naye alisafirishwa kwenda huko mwaka 1944, akiwa na miaka 69. Naye hakurudi.

Irène alinusurika. Vita vilipoisha picha ilipatikana, akairudisha mikononi mwake, na mwaka 1949 akaiuza. Mnunuzi? Emil Bührle, mwenye kiwanda cha silaha Uswisi, kiwanda kilekile kilichoiuzia Ujerumani ya Hitler mizinga.

Mauzo hayo yalikuwa halali, aliyeuza ni mwenye mali. Lakini tangu mwaka 2021, mkusanyiko wa Bührle ulipohamia jumba la sanaa la Kunsthaus, Zürich, mjadala umekuwa mkali: je, picha kama hizi zitundikwe bila kueleza zilikopitia na fedha iliyozinunua ilitoka wapi?

Irène alifariki mwaka 1963. Picha yenyewe si kubwa, sentimita 65 kwa 54.