Daftari Moja, Kalamu Nyingi

Kisiwani Remba, jabali la Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay, ambako nyumba za mabati zimebanana hata kupishana ni shida, hakuna jambo linaloshindaniwa kama kilo za mbuta na omena. Na tangu kanuni za mwaka 2007 zilipovipa nguvu ya sheria vyama vya ufuo, ambavyo kila mvuvi huviita BMU, kuandikisha mashua na kuhesabu samaki kumekuwa wajibu. Hesabu hiyo huanza katika daftari la karatasi, lakini ikivuka maji na kufika ofisi inayotumia programu kama Microsoft Access, huingizwa katika faili moja linalofunguliwa na makarani kadhaa kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo kadhia huzuka. Siku moja mstari wa mashua fulani hujaa neno #Deleted, na palipoandikwa maelezo ya nyavu pametanda herufi mithili ya Kichina. Karani huufuta, huuandika upya, hushukuru Mungu. Baada ya siku chache huharibika mwingine, na lawama humwangukia kijana aliyeajiriwa mwisho.

Waama kijana hana taksiri. Access haina mlinzi anayepokea maandishi: kila kompyuta hulifikia faili yenyewe kupitia mtandao, huchukua ukurasa wa baiti 4096, huubadili na kuurudisha, ilhali faili dogo lenye tamati ya laccdb huonyesha nani yumo. Jenereta ikizima au Wi-Fi ikikatika kabla ukurasa haujarudi mzima, hubaki nusu mpya nusu wa kale. Maelezo marefu, kwa kuwa aghalabu huhifadhiwa mbali na mstari wake na kuunganishwa kwa kielekezi tu, ndiyo hutangulia kudhurika.

Kwa hiyo anayetaka kujua asili ya maradhi na aache kwanza kuandika upya. Makarani wote watoke, nakala ya faili iwekwe kando, ndipo itumike amri ya kubana na kukarabati, maana amri hiyo huweza kuitupa mistari isiyosomeka bila kuaga. Nami nashangaa jinsi watu wanavyoiamini kama dawa. Kisha kila tukio liandikwe: saa, kompyuta, safu iliyoharibika. Ikiwa ni kompyuta ile ile daima, waya wake uchunguzwe. Ikiwa ni zote, hukumu iangukie ile inayohifadhi faili. Mwaka 2018, baada ya sasisho la Windows 10, ofisi nyingi duniani zilisumbuka hivyo, na sababu ikawa ruhusa ambayo mtandao huipa kompyuta kushikilia sehemu ya faili katika kumbukumbu yake. Ruhusa hiyo ilipozimwa kwenye mashine yenye faili, utulivu ulirejea.

Majedwali yatengwe na fomu, kila karani awe na nakala yake ya fomu, na Wi-Fi iachwe kwa shughuli nyingine. Balaa likidumu, majedwali yahamishiwe katika seva kama PostgreSQL, ambapo programu moja tu hugusa hazina na kila badiliko ama hukamilika ama hubatilishwa lote. PostgreSQL haina ada ya leseni, na fomu za Access zaweza kuunganishwa nayo, hivyo makarani hawalazimiki kujifunza kazi upya.