UZI: "Korti imemwachilia!" Kabla hujakasirika, soma hii kuhusu rufaa

Kila jaji akifuta hatia ya mtu aliyefungwa kwa kujaribu kuua au kujaribu kuiba, kuna mwanasiasa atashika maikrofoni: jaji amekula hongo, korti inalinda wahalifu. Huenda. Lakini mara nyingi sababu imeandikwa ndani ya hukumu yenyewe, ni vile tu hakuna anayeisoma. Wacha tuelezane.

Kifungu cha 388 cha Kanuni ya Adhabu kinataka nia ya kutenda kosa, pamoja na kitendo cha wazi kinachoonyesha umeanza kuitekeleza hiyo nia. Kupanga peke yake si jaribio. Kununua mtaimbo si kujaribu kuvunja duka. Ukishikwa saa nane usiku mtaimbo ukiwa ndani ya kufuli, hapo sasa tuongee. (Na ile ya "lakini niliacha mwenyewe" haikuokoi. Inaangaliwa tu wakati wa kupima adhabu.)

Kinachochanganya watu zaidi ni kujaribu kuua. Kwa mauaji yenyewe, nia ya kumdhuru mtu vibaya sana inatosha. Kwa kujaribu kuua haitoshi, lazima ithibitishwe ulitaka afe. Tuseme wawili wanagombania mpaka wa shamba, mmoja anamkata mwenzake panga mara moja mkononi, anatoroka. Alitaka kuua ama kuumiza? Ushahidi ukiacha shaka ya maana, shaka hiyo ni ya mshtakiwa. Jaji anaweza kuondoa hatia ya kujaribu kuua na kuweka ya kujeruhi vibaya, kosa ambalo nalo linaweza kukufunga maisha. Huku mtandaoni tunaambiwa "ameachiliwa"!

Sasa, jaji ambaye hakuwepo anapata wapi nguvu ya kupinga hakimu aliyesikiza mashahidi? Ni kazi yake. Ukihukumiwa na hakimu una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na tangu uamuzi wa Okeno wa 1972, rufaa ya kwanza lazima ipime ushahidi wote upya na ifikie uamuzi wake, ikikumbuka haikuwaona mashahidi kwa macho. Jaji akikubaliana tu na hakimu bila kupima, hapo ndipo amekosea.

Ukienda hatua ya pili, Mahakama ya Rufaa, mlango unakuwa mwembamba: hoja za sheria pekee. Hata kulalamika kwamba kifungo ni kirefu mno huhesabiwa kuwa hoja ya ukweli, si ya sheria.

"Si basi kesi ianze upya?" Wakati mwingine huanza. Lakini korti zetu zimeshikilia tangu miaka ya 60 kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Kama daktari hakuitwa kueleza jeraha, au jirani aliyesikia "leo nakuua" hakuandikisha taarifa, mwenye kovu mkononi hana la kumdai jaji. Aulize mpelelezi alikuwa wapi.