Jino la Kahawia Halijaoza

Meno yangu ya mbele yana rangi ya chai ya strungi. Nimezaliwa Kibwezi, na kazi yangu ni kutibu meno ya watu, kwa hiyo mgonjwa mpya akishaketi hunitazama mdomo kabla sijautazama wake. Wengine hucheka waziwazi. Sioni ubaya, mazungumzo huwa yameshaanza.

Huku Makueni, na ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, wengi tunalaumu maji ya chumvi. Chumvi haina hatia. Mwenye kosa ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba na kuingia katika maji ya visima virefu. Haina rangi wala harufu, hata maji matamu yanaweza kuwa nayo tele. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Kenya vimepita hapo. Mtoto akiyanywa katika miaka yake ya kwanza, wakati meno ya kudumu yangali yanaumbwa ndani ya taya, tabaka gumu la nje halikomai sawasawa. Hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huota na weupe wa chokaa, kisha vitundu hivyo hunywa rangi mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta alama hizo kwa watoto takriban 4 kati ya 10.

Kuchemsha maji hakusaidii. Mvuke unapaa, floraidi inabaki, na kilichobaki sufuriani ni kikali zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo salama kwa mtoto mdogo. Na kumsugua meno kwa majivu au mchanga mpaka ufizi utoke damu ni kazi bure, kwa kuwa doa limo ndani ya jino.

Nyanya mmoja, au susu kwa Kikamba, aliniletea mjukuu wake wa kidato cha nne. "Daktari, yang'oe haya ya mbele, umwekee mapya." Nikagonga jino la msichana kwa kioo changu, likalia ngangari. "Susu, haya ni mazima. Yamechafuka koti tu." Hakuniamini mpaka alipoona kazi yenyewe. Doa jepesi huondolewa kwa asidi iliyochanganywa na unga wa jiwe la pumisi, kazi ya kliniki wala si ya nyumbani. La msichana lilikuwa zito, lenye vishimo. Nililisafisha jino, nikalipaka asidi ya kulikwaruza kidogo ili gundi ishike, nikalisuuza na kulikausha, nikapaka gundi, kisha kompositi, ule utomvu wenye rangi ya jino, tabaka moja baada ya jingine. Kila tabaka hugandishwa kwa mwanga wa buluu, kama sekunde 20. Sikung'oa hata moja. Kompositi huchakaa na kubanduka pembeni, itabidi arudi kutengenezewa, nami nilimwambia hivyo kabla sijaanza.

Kuoza ni habari nyingine. Hapo vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino, na sukari haikosekani: chai iliyokolea, soda, na siku hizi vijana wanaotafuna majani ya muguka na peremende shavuni mchana kutwa. Shimo likiwa dogo halina maumivu, ndiyo maana hakuna anayekuja. Wanakuja likishagusa neva. Wakati huo kinachobaki ni tiba ya mzizi, yaani kutoa neva iliyoharibika, kusafisha mifereji ya ndani, kuijaza, na mara nyingi kulivisha jino kofia; ama kung'oa. Tiba ya mzizi ni ghali na haipatikani kila mahali, basi wengi huchagua koleo. Siwalaumu.

Linaloniudhi ni kwamba shimo dogo linazibika hata kwenye zahanati isiyo na umeme. Njia hiyo ilianzia kwa majirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980: unakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, unajaza saruji ya glasi ionoma, unaikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini, basi. Hakuna mashine inayopiga kelele, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Saruji yenyewe hutoa floraidi kidogo kidogo inayolilinda jino. Floraidi hiyo hiyo, kwa kipimo chake, ni dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ambayo hupakwa tu juu ya uozo ukasimama. Dawa hiyo huacha sehemu iliyooza nyeusi tititi. Akina mama hushtuka, lakini safari hii weusi ni dalili njema.

Wazee wetu wa Kikamba walichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, kwa urembo, bila ganzi. Wajukuu wao wananikimbia wakiona sindano! Heri basi kuwahi shimo likiwa dogo.

Gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni, litang'oka lenyewe. Haling'oki, wala halina badala. Mfungue mwanao kinywa leo jioni, umulike kwa tochi ya simu. Ukiona kitundu huko nyuma, mlete kabla jino halijaanza kumuuma.